Niliomba msamaha kwa mstari wa code ambao sikuufuta

Wakuu, salamu kutoka Bukavu.

Haya ni mambo yangu mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Mahali sina hakika nitasema sina hakika. Shule yangu iliishia katikati ya secondaire na humu najua kuna mainjinia, basi nikikosea munisahihishe bila kunicheka sana.

Nina kiosque ya saisie na photocopie Kadutu. Watu wanaleta barua, napiga, natoa. Computer njo (ndiyo) shamba langu.

Binamu yangu, kabla hajahamia Goma, alinifundisha programming kidogo. Si Python wala Java. Ni lugha ndogo ambayo compiler yake haina madirisha wala vitufe vya kubonyeza, ni terminal tupu. Unaandika command, inasoma code yako, inaitafsiri kuwa lugha nyingine, C, halafu program iitwayo gcc inaichukua ile C na kuifanya program.

Kwa hiyo mule ndani ya folder kunakuwa na faili mbili za kusomeka: yako uliyoandika, na ile ya C iliyozaliwa na compiler.

Shikeni hapo. Kesi yote iko hapo.

Avenue yetu ina chemchemi na tangi. Maji hayawezi kutosha watu wote siku moja, kwa hiyo comité inagawa zamu. Kila wiki karatasi inabandikwa kwenye mlango wa tangi, na Papa Bahati, mwenye kufungua vane, yaani koki ya tangi, anafuata karatasi ile tu. Hafuati mdomo wa mtu, hata ukimlilia. Comité ndivyo ilivyotaka, maana zamani mwenye sauti kubwa ndiye aliyekuwa anapata maji.

Zamu zilikuwa zinapangwa kwa mkono na kila wiki kulikuwa na matusi. Nikaandika program ya kuzipanga. Matusi yakapungua. Nilijisikia mtu kidogo, sitaficha.

Sasa, chini yetu kuna centre de santé yenye maternité. Muuguzi mkuu pale, Maman Furaha, aliomba waongezewe zamu ya Jumatano, siku ambayo wajawazito wanakuja kupimwa. Comité ikakubali.

Wiki ile mimi nilikuwa Nyangezi kwenye matanga ya shangazi yangu. Funguo ya kiosque niliiacha kwa comité. Wakamtuma Tonton Déo, injinia wa avenue yetu, mtu mpole, C ameisoma université. Akafungua folder, akaona faili ya C, akaongeza Jumatano ya maternité mule, akapitisha gcc, karatasi ikatoka. Akanitumia message kwamba maternité ameshaiweka ndani ya program.

Maji yakafika. Hapo alifanya vizuri, sina neno.

Niliporudi, comité ilikuwa imeongeza nyumba za juu kwenye zamu. Nikafungua faili yangu, nikaziongeza, nikaendesha compiler. Ikaandika C upya kama inavyofanya siku zote. Nikatoa karatasi, nikabandika.

Jumatano Papa Bahati akasoma karatasi, maternité hakuiona, hakufungua.

Asubuhi ile kulikuwa na mama anazaa. Wanawake walipandisha bidons za maji kutoka bondeni mgongoni. Maman Furaha aliosha mikono kwa maji ya jirani, akampokea mtoto. Mama na mtoto ni wazima, Mungu asifiwe. Lakini ingeweza kuwa vingine, na hilo sikulikataa hata mara moja.

Jumapili baada ya misa, kikao kwa président wa comité. Uwanja ulijaa.

Maman Furaha akasema mbele ya wote kwamba mimi na yeye tuliwahi kugombana juu ya photocopie. "Aliona njo fasi ya kunionyesha," akasema, yaani nimepata nafasi ya kulipiza.

Kugombana tuligombana. Fiches zake za wagonjwa zilitoka nyeusi, nikamwambia original yake ndiyo mbaya, akakataa. Lakini wakuu, mtu amkaushie maji mama anayezaa kwa sababu ya photocopie? Mimi niliyezaa palepale?

Tonton Déo akaulizwa. Akajibu kwa upole wake: "Miye niliiweka. Na wiki ile ilitoka ku karatasi, bote muliona."

Ni kweli, wote waliona.

Na mimi kabla ya kikao nilikuwa nimetafuta ndani ya faili yangu. Jumatano ya maternité haimo. Yeye aliiweka, nikadhani ni mulemule, mimi ndiye niliyefungua baada yake, na sasa haimo. Mngefikiri nini? Mimi ni mtu wa kurudi nyumbani kuangalia kufuli niliyofunga mwenyewe. Nikajiambia kidole kiliteleza.

Nikasimama. "Kama ni mukono yangu ilifuta, munisamehe."

Ile "kama" haikufika hata kwenye viti vya mbele. Walisikia "munisamehe", ikatosha. Comité ikaniondoa kwenye zamu, kazi ikapewa Tonton Déo.

Kesho yake alikuja kiosque kuchukua program. Nikampa yote. Akaanza palepale: akafungua C, akarudisha Jumatano, akafurahi. Halafu akataka kusahihisha jina la nyumba moja, nikamwonyesha ninavyofanya, kwenye faili yangu, kisha compiler. Akaiendesha mwenyewe.

Akatazama C. Jumatano haipo.

Akapanda hadi juu kabisa ya faili ya C, mstari wa kwanza. Kuna maneno ya Kiingereza pale, mimi siku zote nayapita. Akanisomea polepole: faili hii imetengenezwa na compiler, usiibadilishe kwa mkono, utakachobadilisha kitapotea. Mara ya kwanza alikuwa ameruka moja kwa moja hadi penye siku, juu hakuangalia.

"Maman," akasema, "haikuwa weye. Njo miye."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimeanza kuuogopa mkono wangu.

Nikamwambia basi Jumapili atasema hivyohivyo mu kikao. Akacheka kidogo. "Eh maman, mambo imeishaisha. Maji itatoka. Tukasumbue tena bazee juu ya faili?"

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, wakuu.

Si kosa lake. Ile C ina majina ya nyumba zetu, inaonekana kama imeandikwa na mtu. Mwenye kujua C ataenda kwenye C, na mimi sikuwa nimemwambia mtu ipi ni mama na ipi ni mtoto. Ni kama matofali: ukichonga tofali moja kwa panga, linalofuata litatoka vile fomu ilivyo. Hakuijua fomu. Ningemtetea mbele ya yeyote.

Lakini aibu nilipewa uwanjani, ukweli nikapewa nyuma ya mashine ya photocopie. Hiyo ni haki ya wapi?

Jumatano ya maternité niliiandika mwenyewe kwenye faili yangu, kabla Tonton Déo hajaondoka siku ile, maana wanaozaa hawana kesi na mtu. Maji yanafika hadi leo. Maman Furaha fiches zake anazipeleka kiosque ya chini, akipita kwangu anatazama upande wa pili.

Na kikao kilichofuata, président alimshukuru Tonton Déo kwa kurudisha maji. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikangoja. Déo akatazama viatu vyake.

Akasema, "Merci, papa."

Niliyojifunza: compiler ya namna hii, gusa faili ya mwenye kuandika, usiguse iliyotoka, na kama huijui uliza. La pili ni langu mwenyewe: usiombe msamaha kabla hujajua kosa ni la nani, maana ukishatoka mdomoni hakuna anayekuja kukurudishia.

Nisaidieni, hata wenye kunipinga. Nisimame kikao kijacho niseme mwenyewe, nionekane ninamchongea mtu mzuri? Au niache maji yatoke na jina langu libaki pale lilipo?