Prosesa ya Futi

Mume wangu ni fundi wa kompyuta, na kazi hiyo imemchosha. Duka letu ni chumba kimoja kirefu: mbele nakaa mimi na mashine ya kutoa kopi, nyuma anakaa yeye na kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Kutwa nzima watu humletea mashine zinazonuka chai na kumwapia kwamba hazikumwagikiwa kitu, zimezima tu zenyewe. Zamani alikuwa akibishana nao. Siku hizi husema "sawa" na kuchukua bisibisi. Jioni tukifika nyumbani hukaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni, akitafuta nia ya kukivua.

Rafiki yake ni mpima ardhi. Tangu shule wamekuwa chanda na pete. Watu humwita Futi, maana hupima kila kitu: akinunua meza hupima mlango, akinunua mlango hupima ukuta. Mimi namwita shemeji. Mkewe alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana, na kweli mwaka huu nilimzika. Tangu hapo Futi nyumba ile imemshinda. Aliniambia mwenyewe, bila kuzunguka: "Shemeji, nikifungua mlango nasikia friji tu."

Sasa juu ya hayo, magoti yake yakawa mabovu, na ofisi kwa huruma zake ikamwambia aache kuzunguka viwanjani, awe anachora ramani nyumbani. Nyumbani, pahali pale pale anapopakimbia! Kompyuta yake ya zamani isingeweza kazi hiyo, basi akaja dukani kwetu.

"Niundie mpya," alimwambia mume wangu. "Vingine vyote weka unavyojua. Ila prosesa tuchague pamoja. Si ndiyo ubongo wenyewe?"

"Ndiyo ubongo," mume wangu akamjibu. "Kuchagua ni kazi ndogo. Kaa."

Akakaa. Na kesho yake akaja akakaa tena. Kila jioni, watu wanapofunga maduka, Futi aliingia na swali jipya alilolitoa kwenye video za mtandaoni.

"Yenye viini vingi si ndiyo bora?"

"Kwa ramani zako, viini vichache vyenye kasi vinatosha."

"Na joto lake?"

"Nitakuwekea feni kubwa."

"Je, mwakani wakitoa mpya?"

"Watatoa. Kila mwaka wanatoa. Ukizisubiri hizo utachorea ramani zako ahera!"

Neno lilikwisha kumtoka. Mume wangu akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta skrubu iliyoanguka. Futi alicheka, tena alicheka sana, mpaka mimi nikaona afadhali asingecheka.

Siku wanakubaliana, siku ya pili amebadili nia. Ile ina kasi lakini inakula umeme. Hii haili umeme lakini mtu mmoja kwenye video ameiponda. Mume wangu alimwambia mchagua nazi hupata koroma. Futi akauliza koroma ni ya kampuni gani. Tulicheka wote watatu. Kisha mume wangu akaegemeza paji la uso kwenye ukuta, na nikajua amefika mwisho.

Usiku ule nilimwambia, "Baba watoto, mwenzako hatafuti prosesa. Anatafuta pa kukaa."

"Mimi ni fundi, si mganga. Mtu akitaka kukaa aseme nataka kukaa."

"Mwanamume gani wewe umemsikia akisema hivyo?"

Alikuwa ameshalala, na kiatu chake.

Haukupita muda, mume wangu akapata siku mbaya. Mteja alimtukana mbele ya watu kwa mashine aliyoiunguza mwenyewe. Mchana alitoka kwenda kununua vipuri, na aliporudi alikuwa na boksi dogo mkononi. Futi alipoingia jioni alilikuta mezani, limewekwa katikati.

"Yameisha," mume wangu akasema. "Nimekuchagulia."

Futi akaligeuzageuza lile boksi, akasoma ubavu huu, akasoma ule. Alikaa nalo kitambo. Nilimtazama uso, roho ikaniuma, nikageukia karatasi zangu.

"Nzuri," akasema. "Kwa hiyo leo tunamaliza?"

"Leo hii hii."

Wakaanza kuunda. Futi alimulika tochi na kumpa skrubu, mume wangu akaikalisha prosesa mahali pake, akaipaka dawa ya joto, akafunga feni juu yake. Mimi nilitamani hata waulizane habari za viini. Mwishowe mume wangu akabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi tii.

Akakagua waya. Akachomoa hiki, akapuliza, akarudisha. Akabadili skrini. Shati likamganda mgongoni. Baadaye sana akalichukua boksi, akalisogeza kwenye taa, akasoma kwa utulivu, na akakaa chini.

"Haitoi picha hii," akasema. "Ni aina isiyo na picha ndani yake. Inataka kadi ya picha ya peke yake." Akafunika uso kwa viganja. "Kosa la mwanafunzi. Nimechoka, jamani. Nimechoka mpaka nasoma sioni."

Futi alikuwa anafuta miwani yake kwa pindo la shati. Alizidi kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi. Mume wangu akainua kichwa taratibu.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Nilipolishika boksi."

"Mtu mzima natoka jasho jioni nzima, wewe unanimulikia tochi tu! Mbona hukusema?"

Futi akavaa miwani. "Ningesema, ungetia kadi tukamaliza. Tukimaliza, kesho nitakuja hapa kufanya nini?"

Nilikuwa na hasira nao wote wawili, na machozi yalinilenga. Nje mtu aliteremsha mlango wa chuma wa duka jirani kwa kishindo, na hakuna kati yetu aliyeshtuka.

Mume wangu akavuta droo ya chini ya meza yake. Mle ndani mna kadi za picha alizozitoa kwenye mashine zilizokufa, zimepangwa safu kwa safu, na yoyote kati ya hizo ingeiwasha skrini ile papo hapo. Upande aliokaa Futi mtu haoni kilichomo. Mume wangu akazitazama. Halafu akaisukuma droo kwa goti, ikafunga.

"Kadi hatuna," akasema. "Zimekwisha. Itabidi tuchague."

Huyu ni mtu ambaye hajapata kumwongopea hata mteja wa waya.

"Ziko aina nyingi?" Futi akauliza, na sauti yake ilikuwa imeanza kurudi.

"Nyingi mno. Kuliko prosesa." Mume wangu akajisugua macho. "Na leo usiniulize hata neno moja. Njoo kesho."

Nami, ninayeifuta vumbi droo ile kwa mikono yangu, nikazima mashine ya kopi, nikachukua mkoba, nikamwambia shemeji kesho asichelewe.