Kitambaa cha Maua, Namtumbo

Ofisi yetu iko Songea, na tulishazoea kwamba mtandao ukikatika, ghala la tumbaku la Namtumbo linasimama. Majina ya wakulima yote yalikaa kwenye kompyuta yetu ya mjini, na bila jina halipokelewi robota la tumbaku. Nikatumwa kuweka nakala kulekule: kompyuta ya pili itakayochukua kila kitu cha Songea, ijitegemee mtandao ukipotea, na ukirudi zipeane habari.

Asubuhi kazi ilikwenda vizuri mno. Nilichomoa waya wa mtandao mbele ya mama mtunza ghala, na jina la mkulima likatokea vilevile. Nilijisifu, sikuficha. Kisha nikaenda kula wali maharage.

Niliporudi mashine ilikuwa imezimika. Sasa mtandao ulikuwa umekatika kweli, foleni imejaa uwanjani, na wingu zito linakuja. Mzee mmoja alisimama kando ya marobota yake, tumbaku ya msimu mzima.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hii ikilowa hainunuliki. Nami sina nyingine.”

Niliogopa, nami nikiogopa hufoka. Nikalaumu umeme, nikalaumu wenzangu wa Songea, ambao hata simu hawakupokea. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mashine ilikuwa chini ya meza. Nikainama. Ilikuwa imevikwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua mekundu, na chini yake kanga iliyokunjwa. Nikaigusa: moto kama sufuria ya ugali.

“Mama, nani kaifunika?”

“Mimi, mwanangu. Kitu cha thamani utakiachaje wazi na vumbi la tumbaku lote hili?”

Nilicheka mpaka hasira zikaisha. Hata redio ya nyumbani kwetu Mshangano ina kitambaa chake, ningemlaumu vipi? Tukaipepea kwa vipande vya boksi, mimi upande huu, yeye ule. Ilipopoa nikaiwasha, roho mkononi. Jina la babu likatokea, Songea haina habari.

Marobota yakaanza kuingia. Mvua ikashuka, robota la mwisho la babu likiwa bado uwanjani. Mama akatoka mbio na kanga yake na kile kitambaa cha maua.

“Hili je, nifunike?” aliniuliza, na wala hakusubiri jibu. Nikashika upande wa pili, tukaliingiza ndani likiwa kavu.