Zamu Yangu ya Maji

Asubuhi ile nilikuwa nanyoosha gurudumu la toleka, baiskeli ya kubeba abiria, kwenye kibanda chetu katika mtaa wa Makiso. Wateja watatu walinipita wakaenda kwa Asumani, fundi mwenzangu. Mimi ndiye niliyemfundisha ufundi huo, miaka minne. Bado aliniita yaya, kaka mkubwa, na kila aliponiita hivyo niliumia zaidi.

Adhuhuri majeshi mawili ya kigeni yakaanza kupigana katikati ya mji wetu. Asumani hakuweza kufika kwao. Akakimbilia nyumbani kwangu.

Bomu la kwanza lilianguka kwa jirani.

Ukuta wetu ukamwangukia Odette, mke wangu. Paja likavunjika.

Nilichukua mbao, nikaufunga mguu kwa nguvu kama ninavyofunga fremu iliyopasuka. Odette alipiga kelele. Mguu ukazidi kuwa mfupi.

"Acha kufunga, yaya," Asumani alisema. "Mufupa iko napanda. Muguu ni ya kuvuta, sawa vile tunavutaka rayon."

Rayon ni zile nyuzi za chuma za gurudumu. Mfupa uliovunjika hakuwahi kuugusa maishani. Alizungushia kifundo cha mguu kitambaa, akafunga mpira wa ndani wa tairi, akaupitisha juu ya rimu aliyoifunga mwishoni mwa kitanda, akaning'iniza tofali. Kisha la pili, akimtazama Odette usoni. Kwa la tatu, Odette alinyamaza. Mguu ukalala sawa na mwenzake.

Yote aliyotumia aliyapata kwangu. Mimi wazo la kuyatumia halikunijia hata kidogo.

Siku ya tano Asumani alisema jambo, Odette akacheka. Tangu mabomu yaanze hakuwa amecheka nami. Maji yalikuwa yameisha, na zamu ya kwenda mtoni ilikuwa yangu.

"Nenda wewe," nilisema. "Si wewe ndiye unajua kila kitu?"

Alinitazama kidogo.

"Bon, yaya. Nitaenda."

Akachukua bidoni, dumu letu la maji, akatoka.

Tulisikia mlipuko upande wa mto.

Nilimzika mwenyewe, nyuma ya nyumba. Kisha kwa majuma sita nilipunguza na kuongeza matofali kama nilivyomwona akifanya.

Leo Odette anatembea bila fimbo. Akisimulia vita, huwaambia watu kwamba Asumani alijitolea kwenda kuchota maji ili mimi nibaki naye. Sijawahi kumsahihisha. Anapolitaja jina lile sauti yake hulainika, na mpaka leo, Mungu anisamehe, wivu hunishika kabla ya huzuni.