Tonge Lisilofika Kinywani

Kaa chini, mwanangu. Usinisimamie hivyo, shingo yangu siku hizi haiinuki vizuri. Nimekusikia tangu ukiwa pale ukumbini, ukiwaambia wenzako kwamba mgonjwa wako anapikiwa kila kitu na bado hospitali wanasema damu haitoshi, na hujui ufanye nini tena. Mimi nimechoka, sikufichi. Maneno haya nimeshawaambia dada zako, nikawaambia na mama zako wadogo, na kila mmoja aliitikia "ndiyo, bibi" kisha akaenda zake. Lakini nikinyamaza na kwako sitalala vizuri, kwa hiyo nipe sikio.

Kuna siku ya ujana wangu ambayo hunijia kila nikisikia habari kama hizi. Ilikuwa zamani za Mzungu, miaka kadhaa kabla ya uhuru. Mimi ni kigoli wa Kilelengwani, kando ya Mto Tana, na siku hiyo nimesimama uani mwa dispensari kule Garsen, natukanwa mbele za watu.

Baba yangu, Mzee Buya, alikuwa na kichocho. Alikuwa nacho tangu utoto, maana sisi ni watu wa mpunga, na kulima mpunga ni kushinda majini. Wavulana wetu walikuwa wakikojoa damu, na wazee wakicheka, wakisema sasa huyu amekuwa mwanamume. Wallahi, ndivyo tulivyokuwa! Hakuna aliyejua kuwa ni wadudu wa maji yale yale tuliyosimama ndani yake. Baba aliishi na ugonjwa huo mpaka viganja vyake vikapauka, uso ukamvimba asubuhi, na safari ya kutoka nyumbani kwenda shambani akawa anaikata kwa kupumzika mara kwa mara, ameshika kifua.

Pale dispensari palikuwa na dresa mmoja, msaidizi wa kufunga vidonda na kuchoma sindano. Watu walimwita daktari, na yeye hakukataa. Mara ya kwanza tulipokwenda alimvuta baba kope ya chini akatazama, akaguna. Kisha akamchoma kidole, akadondosha tone la damu kwenye kipande cha karatasi ya kufyonza wino, akaliweka tone lile kando ya kadi yenye rangi nyekundu za kila namna, kutoka ile hafifu hadi ile iliyokolea. Damu ya baba ilifanana na ile rangi hafifu.

"Dawa ya kichocho ninayo," dresa alisema, "lakini ni sindano ya mshipa, na ni kali. Inatapisha na inamwendesha mtu moyo mbio. Huyu nikimchoma leo, mtarudi naye amelala. Nenda ukampe samaki, umpe maini na mayai, umpe majani ya kunde. Damu ikikolea mleteni."

Basi, mama alikuwa ameshafariki na jiko lilikuwa mikononi mwangu. Nilipika, mwanangu, mpaka moshi ukanitoa machozi ya kila siku. Kambare wa mtoni nilimchemsha na nazi. Kuku nikichinjiwa, ini lilikuwa la baba. Kunde zikawa hazikosekani. Kila mchana nilijaza sinia, nikalifunika kawa, nikalipeleka barazani alikokaa baba na wenzake, kisha nikarudi jikoni kula na wadogo zangu. Sinia lilirudi jeupe, halina hata punje. Mimi nikifurahi! Nasema, alhamdulillahi, baba anakula.

Tukapanda mtumbwi tena kwenda Garsen, na mimi kichwa juu. Dresa akachoma kidole, akatazama karatasi, akaitazama kadi, akanitazama mimi. Rangi ilikuwa imezidi kupauka.

"We msichana, huyu mzee unamlisha nini, maji ya moto? Au chakula mnakula nyinyi na yeye mnampa harufu?"

Watu waliokuwa wamekaa wakisubiri waligeuka wote. Nikatafuta pa kuuficha uso sikupaona. Baba akasema kwa upole, "Ananilisha vizuri, daktari, usimwonee." Dresa akatikisa kichwa, akasema tukirudi na damu ya namna ile mara nyingine, basi tusirudi kwa ajili ya sindano, tuje tu kuagana. Aliyasema hayo mbele ya baba mwenyewe. Njia nzima ya kurudi nililia kwa hasira, na baba amekaa, mkono wake ndani ya maji.

Sasa sikiliza. Kulikuwa na mama mmoja wa Kiorma, tukimwita Mama Guyo, akituletea maziwa ya ng'ombe kwenye kibuyu, na sisi tukimpa mchele. Ndiyo iliyokuwa desturi kati yao na sisi, maziwa kwa nafaka. Akifika mchana alikaa kando ya baraza, penye kivuli cha ukuta, akingoja nimimine maziwa nimrudishie chombo chake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini ulimi wake haukuwa na woga. Siku ya pili baada ya kurudi kutoka Garsen alinikuta nimenuna, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote, na yule dresa nikampaka matope vizuri.

Mama Guyo akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Daktari hapana kosa. Baba yako hapana kula."

"Hali vipi, na sinia linarudi tupu?"

"Mimi iko kaa pale kila siku, mimi naona. Mkono nakwenda sinia, mkono narudi, mdomo natafuna. Lakini natafuna nini? Hapana kitu. Samaki yote nakwenda kwa wenzake."

Nikamkasirikia. Nikamwambia, "Mama Guyo, kwetu sisi hatumtazami mtu mkono anapokula. Ni utovu wa adabu."

Lo! Alinitazama vile, ungedhani nimemtemea mate. "Ng'ombe yangu ikiwa gonjwa, mimi naitoa kwa wenzake. Mimi nashika majani, nangoja mpaka imemeza. Mpaka imemeza! Ng'ombe, ee? Na huyu baba yako. Wewe napika, nafunika, naweka, nakimbia. Baba yako hapana fika hata ng'ombe?"

Akachukua kibuyu chake akaenda zake bila mchele. Mimi nikabaki na mwiko mkononi.

Ngoja nikueleze desturi yetu, maana nyinyi mnakula kila mtu na sahani yake na simu yake. Wanaume walikula sinia moja. Mwenye nyumba ndiye aliyemega samaki, akimwekea kila mgeni mnofu mbele yake. Yeye hujiwekea wa mwisho, na mara nyingi wa mwisho ni mwiba. Tena mwenye nyumba hanyanyui mkono kwanza, kwa sababu akinyanyua, wageni nao wataona haya waache kula. Kwa hiyo baba alikaa pale mpaka mwisho, akichezesha wali kwa vidole, akitafuna mate yake. Chakula kilikuwa hakimpiti kwa ule ugonjwa, na adabu ikampa pa kujificha.

Siku iliyofuata nilijibanza nyuma ya mlango nikachungulia. Nisingependa uone nilichokiona. Kambare wangu aligawanywa kama Mama Guyo alivyosema. Tonge moja dogo la baba lilipanda likashuka, likapanda likashuka, mwishowe akalirudisha kwenye wali.

Jioni nikamwambia. Nilianza kwa upole lakini sikufika mbali.

"Umeanza kunihesabia matonge?" baba akasema. Hakuwa amewahi kuniinulia sauti, na siku ile aliinua. "Ndani ya nyumba yangu? Mwanangu mwenyewe?"

"Baba, ile damu haibebi sindano."

"Basi isibebe! Unataka nile chumbani peke yangu, nimejifungia kama mwizi wa kuku, wenzangu wako nje na njaa? Watasema Buya amekuwa mchoyo uzeeni."

Nikalia, mwanangu, na nikasema neno ambalo binti hamwambii baba yake. Nilisema, "Utakufa na adabu zako, na hao wenzako watakuja kula wali wa matanga yako, na atakayeupika ni mimi." Nilipolimaliza nilitamani ardhi inimeze. Baba alikaa kitako. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, "Sasa nile wapi?"

Jikoni, nikamwambia. Kabla ya wenzake kuja.

Mwanamume wa makamo yake kuingia jikoni kwa mwanamke ilikuwa ni kituko. Alikuja amejifunika shuka kichwani! Nikampa mbuzi ya kukunia nazi akalie, nikakaa mbele yake, nikamtazama. Niliponda ini kwa majani ya kunde nikalilainisha kwa maziwa ya Mama Guyo, ambaye alikuwa amerudi na hakuomba radhi, na wala mimi sikumwomba. Siku za mwanzo baba alimeza akatapika. Tukaanza upya. Akinuna, nami nilinuna. "Hujameza, baba." "Nimemeza." "Fungua mdomo." Nakwambia, tulifika huko!

Katika wenzake alikuwako Ami Komora, rafiki yake tangu wakiwa watoto wa kufukuza ndege mpungani. Asubuhi moja alikuja mapema kuazima jembe, akapiga hodi uani na kuingia, akamkuta baba amekalia mbuzi, maziwa kwenye ndevu. Baba aliganda. Mimi nikajua tumeumbuka.

Ami Komora akatazama bakuli, akanitazama mimi. Akasema polepole, "Afadhali. Sisi wote tumeona siku nyingi kwamba huli. Lakini nani angelisema?"

Wote walikuwa wameona, mwanangu. Kila mmoja alikula samaki wa mgonjwa akijua ni wa mgonjwa, kwa sababu kuukataa mnofu aliokumegea mwenye nyumba ni kumvunjia heshima. Hawakuwa watu wabaya. Nilikasirika sana hapo, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Mchana ule, sinia lilipowekwa, Ami Komora akalivuta kwake. "Leo namega mimi," akasema, na mnofu mkubwa akauweka mbele ya baba. Baba akataka kubisha. "Kula wewe!" Ami Komora akamkemea. Na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyemega, kila siku, na baba alikula akiwa mgeni kwenye baraza lake mwenyewe.

Tulipokwenda Garsen baada ya hapo dresa aliitazama karatasi, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Ehee! Hii sasa ni damu." Baba akachomwa sindano zake zote. Alitapika, alitetemeka, kuna siku nilidhani ananitoka. Lakini alipona. Aliishi akaona harusi yangu, akawabeba watoto wangu wawili wa kwanza.

Ungependa niishie hapo. Na mimi ningependa.

Ami Komora alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Alianguka shambani na hakuamka. Sisi tulimjua kuwa mwembamba, tukasema ndivyo alivyoumbwa. Matangani mkewe akanishika mkono, akaniambia mumewe alikuwa akikojoa damu kuliko hata baba yangu, na hakutaka kwenda Garsen. Akasema, "Kila jioni nikimtengea chakula, ananiambia ameshakula kwenu, ameshiba. Alikula, si ndiyo?" Nilimwambia alikula. Ningemwambia nini? Mimi ndiye niliyekuwa nikilipeleka sinia lile. Macho yangu yote yalikuwa kwa baba, na aliyekuwa akimega, akijiwekea wa mwisho, hakuna aliyemtazama.

Basi shika haya, mwanangu. Usiniambie umempikia. Kupika nakujua unapika. Kaa naye mpaka ameze, na ukiona mkono unarudi mtupu, sema, hata kama utaitwa huna adabu. Kile kipimo cha damu kisikugombanishe na wauguzi, wao wanasoma tu kilichokwisha kutendeka nyumbani kwako. Ugonjwa wa muda mrefu unamla mtu kidogo kidogo, na mwenyewe ataona haya kukuambia kwamba chakula hakimpiti. Muulize. Mlainishie. Mpe kidogo, urudi tena. Usimwaibishe mbele za watu, mtafutie mahali pa kulia chakula bila haya. Na huyo anayemlisha, ambaye ni wewe, naye atazamwe na mtu. Umekuwa mwembamba tangu Idi, nami nimekuwa nikikutazama tu.

Mungu amrudishie mgonjwa wako hamu na nguvu, aikoleze damu yake, na wewe akupe afya ya kumuuguza bila kuanguka. Akujaalie watu watakaokuona ukiwa na njaa hata usiposema. Sasa nisogezee hilo bakuli la chakula, uketi hapa mbele yangu, ule. Nakutazama.