Stesheni Wageni ya Fundi Futi

Fundi huyu wa kunyoosha mabodi ya magari watu walimwita Fundi Futi, kwa sababu katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kumiliki futi hata moja. Alipima kwa jicho, kwa shubiri, na siku za haraka, kwa matumaini. "Mimi nikikosea," alipenda kusema, "nakosea kwa ustadi."

Gereji yake ilihudumia aina moja tu ya gari: lile la familia ambalo hakuna mtaa unaolikosa, ama linatembea, ama limelala juu ya matofali. Matoleo yote yalimpitia mikononi. La kwanza liliitwa Kiberiti, maana lilikuwa na pembe nne kamili, na ukifungua boneti unaiona ardhi. Likafuata la taa za mraba. Kisha Sabuni, lililoviringwa kila kona hata ukiliegemea unateleza. La nne likaja na kompyuta. Fundi Futi alipofungua boneti yake mara ya kwanza, aliitazama injini, akaifunika taratibu, akamwambia mteja gari ni zima. Lilikuwa bovu.

Magari hayo yalikuja kwa ndugu wawili: saluni, yenye buti la kujitenga, na stesheni wagoni, ambayo paa lake linanyooka mpaka nyuma. Yeye aliiita stesheni wageni hadi alipotimiza miaka arobaini, na aliposahihishwa alishikilia kwamba lake ndilo lenye maana, kwani humo ndimo wageni wanamopakiwa.

Yeye mwenyewe alikuwa na Kiberiti saluni. Mkewe alipojifungua mapacha wa kike juu ya watoto watatu waliokuwapo, gari likawa haliwatoshi, na kununua jingine hakukuwezekana. Basi akachukua msumeno, akalikata paa la gari lake, akaunga bati la kabati la ofisi lililotupwa, akachomelea, akapiga msasa, akapaka rangi. Mwezi mzima. Mkewe akalizunguka mara mbili.

"Baba Mapacha, mbona huku nyuma limenuna?"

"Linafikiri."

Kosa lake halikuwa msumeno. Kosa lilikuwa kumjibu jirani aliyeuliza kwamba gari lilitoka kiwandani vile vile. Uongo ule ulianza ukitambaa. Baada ya miaka ishirini ulikuwa umeota ndevu, naye mwenyewe akawa anauamkia kwa heshima.

Ikatokea kampuni iliyokuwa ikiuza magari hayo ikaandaa maonyesho ya matoleo yote, tangu la kwanza. Saluni zilipatikana. Kiberiti stesheni wagoni inayotembea ikakosekana, mpaka mtu mmoja akamtaja Fundi Futi. Akafika asubuhi, shati limepigwa pasi, amewapakia mapacha, ambao sasa walikuwa wanawake wazima, mmoja muuguzi, mwingine mshonaji. Walikuwa wamelelewa ndani ya uongo ule na hawakuwa na shaka nao.

Injinia wa maonyesho, mama mmoja mpole, akalizunguka gari. Akapiga magoti. Akagonga bati kwa kidole.

"Mzee, hili ni la mwaka gani?"

"Mwaka wa kwanza kabisa, mama."

"Mwaka wa kwanza hapakuwa na stesheni wagoni. Zilianza mwaka wa tatu." Akachungulia ndani ya mlango wa nyuma. "Tena hapa pameandikwa 'Mafaili ya Likizo'."

Fundi Futi, mtu aliyejisifu kulijua gari hili kuliko waliolizaa, amesahau mwaka lilipopata ndugu!

"Baba?" akasema muuguzi.

Akafungua kinywa ili aongope. Kikatoka kicheko.

"Nililikata mwenyewe, mama. Nimewadanganya watu miaka ishirini, na kumi na tisa kati ya hiyo nimejidanganya mwenyewe."

Injinia hakucheka. "Urefu wa huku nyuma uliupimaje?"

"Niliwalaza hawa wawili juu ya magazeti, nyayo kwa nyayo, nikachora mstari. Nikaongeza shubiri moja wapate kukua." Akawatazama binti zake. "Hapo ndipo hesabu ilipokataa."

Mshonaji akageukia pembeni, akajifuta macho kwa upindo wa mtandio, na ilikuwa vigumu kujua kama ni kicheko.

Meneja alitaka gari liondolewe. Injinia akaomba liachwe pembeni, kando ya njia ya kwenda chooni. Basi kutwa nzima watu wakamuuliza Fundi Futi choo kiko wapi, naye akawaelekeza kwa adabu ya mwenyeji. Baadhi wakasimama kulitazama gari. Akawaeleza ukweli, na kadiri ulivyonoga ndivyo alivyouongezea chumvi.

"Nililikata wiki moja tu," akamwambia mzee mmoja alasiri.

"Mwezi, baba," akasema muuguzi.

"Mwezi," akakiri.

Jumatatu yake akaja mteja na Sabuni, anataka ikatwe irefushwe kama lile gari la maonyeshoni. Fundi Futi akakataa kabisa: mambo hayo ni ya kiwanda, si ya mtu asiye na futi. Mteja akashukuru, akaondoka. Alipofika getini, Fundi Futi akamwita.

"Ndugu yangu, hebu rudi kwanza. Una watoto wangapi?"