Pua ya Kaka Rajabu na Mifereji ya Chuma Kigumu

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ile ya Songea, Fomeni, msimamizi wa mafundi, hakutaka kuona cheti changu. Aliniuliza kama najua kukaa kimya. Nikamjibu kwamba nyumbani tuko wasichana watupu, kimya sijawahi kukiona. Akacheka, kisha akanipeleka kwenye mashine ya milingi, ile ambayo kazi inafungwa mezani na kisu chenye meno kinazunguka juu yake.

"Anastazia," alisema, "kisu kikubwa kizunguke polepole, kidogo kizunguke haraka. Chuma kikiwa kigumu, punguza tena. Mengine utayasikia kwa masikio, ndiyo maana nataka ukae kimya."

Kigumu kuliko vyote kilikuwa chuma cha zana, kile wanachotengenezea visu na nyundo za viwandani. Kukichimba mfereji ni kazi ya subira. Sisi tulisema kisu "kinakula", na kina cha kila mpito ndilo tonge lake. Ukimpa tonge la milimita moja na nusu, anatafuna vizuri. Ukiogopa ukampa kidogo mno, anasugua tu na meno yanakufa. Ukiwa na tamaa, anavunjika, na vipande vyake vinakutafuta usoni. Nilivunja viwili mwaka wa kwanza, na Fomeni alivitundika ukutani kwenye msumari, juu ya koti langu, nivisalimie kila asubuhi.

Kisha mambo yakageuka. Serikali ikaanza kuuza viwanda na karakana, bidhaa za nje zikajaa madukani, lakini mafuta ya kupoozea visu yakakoma kutufikia. Bila mafuta, kisu kinapata moto na kulainika. Fomeni, aliyesomea ufundi misheni, akakumbuka dawa ya zamani: mafuta ya nguruwe. Kwetu nguruwe hawakosekani. Nikaanza kuyapaka kwa brashi, na nakwambieni, yalifanya kazi kuliko yale ya kiwandani.

Shida ilikuwa Kaka Rajabu. Huyu alikuwa fundi wa kufunga mashine, mtu wa Namtumbo, Mwislamu wa kweli, na rafiki yangu kuliko wote pale. Alihamishia meza yake mlangoni penye upepo, akaapa kutogusa hata unyoya wa chuma, yale mabaki yanayochongwa na kisu, uliotoka kwangu. Mimi na Fomeni tulikwisha kuizoea harufu ile, hatukuisikia tena. Yeye hakuizoea kamwe. Spidi ikiwa sawa, mafuta yaliyeyuka tu na alinyamaza. Spidi ikizidi kidogo, mafuta yalianza kukaangika na kunukia nyama, na Kaka Rajabu aliruka kutoka kwenye stuli.

"Dada Anastazia, unakaanga!"

Nami nashusha mkanda kwenye puli ndogo zaidi ya mota, kisu kinapunguza mwendo. Taratibu tukaacha kubishana na jedwali la spidi lililobandikwa ukutani. Tulikuwa na pua ya Kaka Rajabu, na hata yeye alianza kuionea fahari.

Karakana iliponunuliwa, akaja Mkurugenzi mpya kutoka Dar es Salaam, kijana mpole mwenye viatu visivyopenda vumbi. Alisema wazi: milingi ni ya zamani, inakula umeme. Kulikuwa na oda moja, kitalu, yaani bonge la chuma cha zana, chenye mifereji minne ya kushikia visu vya mashine ya kukatia tumbaku. Kikitoka vizuri, mashine inabaki na fundi wake anabaki. Kikiharibika, mashine itauzwa chuma chakavu. Kipande cha chuma kilikuwa kimoja, na kisu kilichobaki kilikuwa kimoja. Nilikuwa na watoto wawili shuleni Bombambili. Usingizi ulinipaa wiki nzima.

Mifereji mitatu ilitoka safi. Wa nne, Mkurugenzi akaja kutazama, akaletewa kiti. Fomeni, mtu aliyenifundisha sheria zote, akaingiwa na hofu.

"Pandisha mkanda ngazi moja," akaninong'oneza. "Mgeni asije akadhani tunasinzia."

"Kisu kitaungua, Fomeni."

"Si Rajabu yupo?"

Kweli, alikuwepo mlangoni. Nikapandisha. Kisu kikaunguruma, nikampa tonge lake, nikatega sikio. Kaka Rajabu kimya. Nikaona basi, kumbe inawezekana! Mkurugenzi akatabasamu. Nami nikatabasamu.

Ndipo akatokea mzee mmoja na baiskeli, mpita njia, akachungulia mlangoni huku akinusa.

"Hodi humu! Mlongo, ndugu yangu, nusu kilo ya nguruwe inapatikana? Na ndizi mbili."

Nikazima mashine hapo hapo. Manyoya ya chuma yaliyodondoka yalikuwa yamegeuka bluu kwa moto, wakati yale mazuri huwa na rangi ya majani makavu. Nikamgeukia Kaka Rajabu. Alikuwa anapenga kamasi.

"Mbona hukusema?" nilifoka.

"Niseme nini, dada? Baridi hii imeniletea mafua. Tangu jana hata kahawa siisikii!"

Nikapapasa meno ya kisu kwa kidole, jino moja moja. Bado yalikuwa na makali. Mkurugenzi, ambaye muda wote alidhani anaandaliwa chakula cha mchana, akauliza kama hapa tunauza nyama.

"Hapana, mheshimiwa," Fomeni akajibu bila kupepesa macho. "Yule mzee ni mkaguzi wetu wa spidi."

Nikashusha mkanda, nikasubiri kisu kipoe, nikamaliza mfereji wa nne kwa mwendo wa konokono. Kitalu kilikubaliwa. Nilibaki na mashine yangu mpaka macho yalipokataa kusoma vipimo, nikastaafu kwa amani.

Vijana huniuliza siku hizi kompyuta zinazochagua spidi zenyewe nazionaje. Nazipenda, kwa sababu hazipati mafua. Lakini hazikuulizi habari za watoto pia, na hilo nalikosa sana.

Banda la milingi limepangishwa. Wanauza kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga. Jumamosi moja nilikaa pale nje na ndizi zangu, nikamwona Kaka Rajabu ng'ambo ya barabara, mzee sasa, kofia kaibana puani. Nikasimama kumpungia mkono. Naye, badala ya kunisalimia, akapaza sauti watu wote wakageuka:

"Dada Anastazia! Spidi imezidi!"

Nikaingia jikoni kuangalia. Nyama ilikuwa imeanza kuungua.