Dirisha la Mama Mkwe

Katika jumba lile zima hapakuwa na dirisha hata moja lililokaa sawa. Wajerumani walilijenga kwa matofali ya kuchoma na kuta nene mno, lakini sijui fundi wao alikuwa akipima kwa kitu gani, maana kila tundu lilikuwa na upana wake, na ukiweka guniya, kile chuma cha kupimia pembe, kwenye kona unaona nafasi ya kupitisha kidole. Walipoondoka, Waingereza walilirithi, wamisheni wakaliomba, na mimi nilipoajiriwa lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Sisi watu wa Iyula tukienda Tunduma tulizoea kulipita bila kugeuza shingo. Sasa nilitakiwa kuingia humo kila asubuhi na msumeno wangu.

Kazi yenyewe ilielezwa kwa maneno machache. Vioo vikubwa vya Mjerumani vitoke, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakivivunja na kujikata. Vyuma vya dirishani vitoke pia, kwa sababu mtu alikuwa anaweza kufunga kitambaa hapo akajidhuru. Mahali pake ziwekwe fremu za mninga, zenye vioo vidogo vinene ambavyo hata kimoja kikitoka kichwa hakipiti. Mbao nilizifuata mwenyewe huko bondeni upande wa Mbangala, na hazikunisumbua. Vioo vilitoka ng'ambo ya mpaka. Nilifungua kasha la kwanza nikakuta nusu ni vigae. Mfanyabiashara aliyevileta aliniangalia kwa huruma akasema, "Ni barabara, mukwai, si mimi," yaani bwana kwa lugha yao, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Halafu kulikuwa na Sista. Huyu alikuwa mzungu mrefu aliyesimamia wodi ya wanawake, na kila alfajiri alikuwa na sharti jipya. Leo kichwa cha skrubu kisionekane. Kesho komeo lisiwe na ncha. Keshokutwa anarudi na kusema dirisha lisifunguke kupita upana wa ngumi, na anaweka ngumi yake mwenyewe kwenye fremu, ngumi ndogo kama ya mtoto, ili nipime hapo. Nikaweka kizuizi cha mbao ngumu kwenye kila fremu. Ukisukuma dirisha linakwenda ngumi moja, kisha basi. Sista akasukuma, akasukuma tena, akatabasamu. Mimi sikutabasamu, kwa sababu kizuizi kile kilikuwa kimekula asubuhi yangu nzima.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Lililonitoa roho ni kwamba mle wodini alikuwamo mama mkwe wangu.

Alianza kuugua mwaka uliofuata ndoa yetu. Alipotea nyumbani mara kwa mara, akapatikana kwenye mashamba ya kahawa ya watu akiongea na miti, hadi ndugu zake wakachoka wakamleta hapo. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Kanisani tulihubiriwa tuyaache mambo hayo, tukaitikia amina, na tulipotoka nje mama wakwe wakapita mlango huu na wakwe wa kiume mlango ule. Haya hiyo huondolewa kwa njia moja tu. Mama mkwe anapika, anampakulia mkwewe kwa mkono wake, mkwe anakula mbele yake, na tangu siku hiyo ni mtu na mwanawe. Kwetu hilo huitwa kumwingiza mkwe. Mama aliugua kabla ya kuniingiza. Kwa hiyo mimi, mume wa binti yake, nilikuwa sijawahi kumwona uso.

Na Sista, kati ya nafasi zote za uwanja ule, akaniwekea benchi langu chini ya dirisha la chumba cha mama. Kuna mwanga mzuri hapo, alisema. Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mama mkwe amewahi kunipiga. Nilipojibu hapana, akaona neno limekwisha.

Basi nikafanya kazi kichwa chini kama mtu anayetafuta sindano. Randa inakwenda, mimi natazama randa. Nikiitwa, naitika nikitazama maranda. Shingo iliniuma hadi nikakosa usingizi. Na kila adhuhuri, chakula kilipogawiwa wodini, sauti ilianza juu ya kichwa changu: ngo, ngo, ngo, bati kwenye kioo, kisha kioo kinapasuka na vipande vinaniangukia kwenye kofia. Wahudumu wanakimbia, wanamfunga vidonda vya mikono kwa vitambaa, wanamkemea. Alijikata hivyo mara kadhaa. Nikaona nianze na dirisha lake kabla ya mengine, na walimwondoa chumbani nilipokuwa nikilitia. Lilikuwa dirisha zuri. Adhuhuri iliyofuata, ngo, ngo, ngo, na kioo kinene cha ng'ambo kikapata ufa kutoka pembe hadi pembe.

Sista alikuja akiwa mwekundu. Akaniambia, kwa kuwa mimi ndiye ndugu wa karibu, kwamba mama akivunja kingine atapandishwa lori la mwisho wa mwezi na kupelekwa hospitali kubwa ya mbali, safari ya lori na treni, mahali ambapo mke wangu asingefika hata akiuza shamba. Nilikasirika nisijue nimkasirikie nani. Nilimkasirikia Sista, na Mjerumani aliyejenga, na mwenye baiskeli. Nilimkasirikia mama mkwe pia, Mungu anisamehe. Nilisema moyoni, mama huyu hana kazi nyingine ila kuharibu kazi yangu.

Nilimwambia mke wangu habari ya lori. Kesho yake alifunga ndizi kwenye kitenge akaja pamoja nami.

Aliingia wodini, hakukaa sana. Alipotoka alikaa juu ya mbao zangu, na ndizi zake bado mkononi.

"Ameniambia karibu, mgeni," alisema. "Ameniuliza nimetoka kijiji gani."

"Leo pengine amechoka."

"Hanijui, baba watoto. Aliyenizaa hanijui."

Nikaendelea kupiga randa. Adhuhuri ikafika. Sahani zikagongana huko ndani, na mara ile sauti ikaanza. Mimi nikainamisha kichwa kama kawaida na kushika kofia. Mke wangu, ambaye hakuna haya inayomzuia kumtazama mama yake, akasimama akachungulia.

"Anapiga hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe hujawahi kuangalia?"

"Niangalie vipi?"

Alisogeza uso karibu na kioo. Kisha akaniambia anachokiona, kwa sauti ya chini, kama anayemsimulia kipofu. Mama amejifunika kanga kichwa kizima. Ametupa mgongo dirishani. Ameinama kidogo, kama tunavyoinama tukimpa mtu wa heshima chakula, na sahani yake ya ugali ameishika kwa mikono miwili nyuma yake, anaisukuma kwenye kioo. Kioo kinakataa, naye anasukuma tena.

"Hagombani na dirisha," mke wangu alisema. "Anakupakulia. Anakujua kwa sauti, tangu ulipokuwa unakohoa uani kwetu wakati wa posa. Mama anakuingiza."

Niliweka randa chini. Nilinyoosha mkono nikafungua komeo huku natazama ukuta, nikavuta dirisha. Likafunguka ngumi moja, likagoma kwenye kizuizi. Sahani ikaja, ikagonga fremu, haikupita. Ikageuzwa, haikupita. Nilikilaani kizuizi kile, na ngumi ya Sista, na ufundi wangu mwenyewe, maana nilikuwa nimekikaza kiasi kwamba kukitoa ingenilazimu kuvunja fremu.

Nikasikia sahani inawekwa chini. Kisha mkono ukapita penye upenyo, umefungwa vitambaa hadi vidoleni, na kiganjani kuna tonge la ugali. Nililipokea kwa mikono miwili. Ugali ulikuwa umepoa na ulinuka dawa ya vidonda. Nikala nimesimama hapo, na machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa.

Kioo hakikuvunjika tena, na lori la mwisho wa mwezi liliondoka bila yeye. Sista alinisifu kwa vioo imara. Sikuwa na nguvu ya kubishana naye, nikamwacha afurahi. Lakini hayo ni ya baadaye. Adhuhuri ile, nilipomeza tonge, nikasikia kanga inavuliwa, na sauti kavu ikasema, "Mwanangu, sasa inua macho."

Nikainua. Alikuwa mke wangu kabisa, ila aliyezeeka kabla ya wakati. Paji la uso lilelile, hata ule mwanya. Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi kubwa, kisha akamtazama mke wangu aliyesimama begani kwangu, akamwitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mpita njia, akanirudia mimi.

"Na mke wako yuko wapi? Mbona hukuja naye?"

Nilifungua kinywa. Mke wangu akanishika mkono, akaubana.

"Yuko nyumbani, mama," akajibu yeye. "Anakusalimu sana."

"Mwambie nimemlisha mume wake," mama akasema. "Mwambie asiwe na wasiwasi tena."

"Nitamwambia," akasema mke wangu.